Simu za sauti ya mashine: tafadhali someni

Habari zenu ndugu. Wanakikundi watatu wameniandikia wiki hii kuhusu simu ileile: sauti iliyorekodiwa inasema akaunti yako imefungwa, bonyeza 1 uongee na mhudumu. Usibonyeze. Hata ile 9 ya "kujiondoa" usiiguse, maana ukibonyeza chochote matapeli hawa wanajua namba ina mtu, na watapiga tena.

Jina la benki likitokea kwenye kioo lisikutulize. Namba inayoonekana inaweza kughushiwa. Kata, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako. Namba ya siri hatajiwi mtu yeyote, wala ile namba ya uthibitisho inayoingia kwa meseji hapohapo mkiwa mnaongea. Hiyo ya meseji ndiyo wanayoitaka zaidi: mara nyingi wameshajaribu kuingia kwenye akaunti yako na wamekwama hapo tu.

Kama umeshataja, pigia benki sasa hivi wazuie akaunti, ndipo utuambie. Usione aibu, jamani, hawa watu hii ndiyo kazi yao ya kutwa. Na wazee wetu wasiokuwemo humu kikundini, wapigieni leo muwaeleze taratibu.