Usiongeze nguvu ya injini kwanza: pikipiki ya theluji ya zamani na rojo la ziwani

Kila msimu wa baridi ukianza hapa Minnesota, Marekani, simu za karakanani kwetu hufanana. Mtu amenunua pikipiki ya theluji (snowmobile) ya miaka ya tisini kwa bei nzuri, amefunga sleji ya mizigo nyuma, ameingia kwenye barafu ya ziwa kuvua, na mashine imekwama kwenye rojo, yaani theluji iliyolowa maji, hadi kwenye kiti. Sasa anataka tumwongezee nguvu ya injini. Tunamwambia injini aiache kwanza. Mashine yenye nguvu nyingi na mkanda mfupi, ule wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma, hujichimbia shimo haraka zaidi, basi.

Rojo linatokana na uzito. Theluji nyingi ikilundikana juu ya barafu, huikandamiza mpaka uso wake ukawa chini ya usawa wa maji. Maji hupanda kupitia nyufa na matundu ya wavuvi, yakailowesha theluji kuanzia chini. Theluji kavu iliyobaki juu huyafunika kama blanketi, ndiyo maana hata ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri maji hayo hayagandi upesi. Kwa juu unaona weupe mtupu. Dalili huja nyuma yako: ukigeuka ukaona alama za mkanda wako zimekuwa kijivu, uko juu ya rojo tayari. Usisimame hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuieneza mashine juu ya theluji. Mashine nyingi za zamani zina mkanda wa upana wa sentimita 38 na urefu wa inchi 121, yaani kama mita 3. Tunaweza kurefusha fremu ya nyuma na reli ambazo mkanda huteleza juu yake ili ibebe mkanda wa inchi 136, na hilo hubadilisha mengi. Upana ni habari nyingine: mkanda wa sentimita 51 hauingii kwenye fremu iliyotengenezewa 38, na hatutakudanganya kwamba tunaweza kuulazimisha. Kama hujanunua bado, tafuta mashine ya kazi iliyozaliwa na mkanda mpana, kama Ski-Doo Skandic ya Wide Track au Yamaha VK540. Na kama umepata Ski-Doo Tundra ya zamani, usiidharau kwa sababu ina silinda moja na mkanda mwembamba. Ni nyepesi, mkanda wake ni mrefu, na ikikwama unaweza kuinyanyua nyuma bila kuita kijiji.

Baada ya mkanda, ski, zile mbili za mbele zinazoongoza mashine. Zile za chuma hushikwa na rojo, rojo likaganda, na usukani ukawa mzito. Tunafunga ski pana za plastiki, au tunazivalisha za chuma kifuniko cha plastiki. Ni kazi ya saa chache, na kwa pesa ndogo hakuna badiliko linalolipa kama hili.

Halafu gia. Tunabadilisha sproketi, yaani gurudumu la meno, ya juu kwenye boksi la cheni tukaweka yenye meno machache zaidi. Utapoteza mwendo kasi, ambao ukiwa na sleji, hema na keekee ya kutoboa barafu huuhitaji hata hivyo. Utapata nguvu ya kuvuta, na belti ya klachi, inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda, haitaungua ovyo. Belti ya akiba ibebe daima, iliyolowa huteleza.

Watu hutuuliza pia kuhusu upoozaji. Kwa uvuvi tunapenda injini ya feni. Inayopozwa kwa maji hutegemea theluji inayorushwa na mkanda kwenye rejeta zilizo chini ya fremu. Kwenye barafu tupu iliyopigwa na upepo hupata joto kupita kiasi. Kama ndiyo uliyo nayo, tunafunga vyuma vya kukwangua barafu kwenye reli, virushe vumbi la barafu juu. Vumbi hilo pia hulainisha plastiki za reli, ambazo bila theluji huisha haraka sana.

Ukitoka salama kwenye rojo, kazi haijaisha. Simama kwenye theluji ngumu, zima injini, ilaze mashine ubavu, ukwangue rojo lote kwenye magurudumu yaliyo ndani ya mkanda na ndani ya fremu. Ukiiacha hivyo usiku, asubuhi mkanda umeganda. Anayeongeza mafuta hapo anaichoma belti. Tunapendekeza uiegeshe juu ya mbao mbili.

Ikikwama, ifungue sleji kwanza. Kanyaga theluji ya mbele kwa miguu utengeneze njia, nyanyua nyuma uiweke juu ya theluji iliyoshindiliwa, kisha toka polepole. Wavuvi wazoefu hufanya jambo moja la busara: hupita njia yao mara moja bila mzigo, wakaiacha usiku kucha. Rojo lililoshindiliwa hupoteza lile tabaka la juu, baridi ikalifikia, na kesho yake ni barabara.

Lakini yote haya hayafai kitu kama barafu yenyewe haitoshi. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri inchi 5 hadi 7 za barafu mpya iliyo angavu kwa pikipiki ya theluji, yaani sentimita 13 hadi 18. Ikiwa nyeupe, inahitajika unene mara mbili ya huo. Pima kwa keekee kila unaposogea. Chini ya theluji nzito barafu hukua taratibu, na sisi tumekuongezea kilo kwenye mashine.

Tuletee mashine Septemba au Oktoba, kabla foleni haijawa ndefu. Ukija, tuambie ziwa unalovua, uzito wa mzigo wako, na kama huwa mko wawili. Namba ya modeli iko kwenye kibati pembeni mwa fremu. Ipige picha ututumie, tukuagizie sproketi na ski zinazoingia.