Shaaban Robert hakujaza hojaji

Mhariri,

Ninaandika kuhusu jedwali lililochapishwa majuzi katika ukurasa wa vijana wa gazeti lako, ambamo waandishi mashuhuri walipangwa chini ya aina 16 za haiba, kila aina na herufi zake nne, kila herufi ikionyesha upande mmoja wa tabia ambao mtu anauelemea, kisha msomaji akaalikwa kujibu maswali 12 ili ajue anafanana na mwandishi gani. Shakespeare aliwekwa pamoja na wapole wenye ndoto nyingi, Charles Dickens pamoja na wachangamfu, na Shaaban Robert na Ngũgĩ wa Thiong'o nao wakatafutiwa vyumba vyao humo. Ningelipita jedwali hilo kama nipitavyo chemshabongo, lau nisingelikuta limebandikwa ukutani katika darasa ninalofundisha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili mashariki mwa Nairobi, na ndiye mlezi wa chama cha uandishi kinachokutana kila Alhamisi baada ya masomo. Wiki mbili baada ya jedwali kupanda ukutani, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye daftari lake huwa nalitafuta kwanza katika rundo, alinijia ofisini akaniarifu kwamba anajiondoa chamani. Majibu yake yalikuwa yamemtoa kuwa mtu wa ratiba, wa kanuni na wa kusimamia wenzake, na katika kisanduku cha watu wa namna hiyo hapakuwa na mwandishi hata mmoja, ila majenerali na mawaziri. Hakulalamika wala kulia. Alilisema jambo lile kama mtu anayerudisha maktabani kitabu alichokiazima kwa jina la mwenziwe.

Yupo pia mvulana aliyeangukia kisanduku cha Shakespeare. Huyo sasa hasahihishi insha zake, na nikimzungushia kosa la upatanisho wa kisarufi kwa kalamu nyekundu hunieleza kwamba watu wa aina yake hawashughuliki na vitu vidogo. Yeye nilimcheka, naye akacheka. Kwa yule msichana sikupata la kucheka.

Ni vyema wasomaji wajue mizani hii ilitoka wapi. Mwaka 1921 Carl Jung, tabibu wa Uswisi, alitoa kitabu juu ya aina za watu kisaikolojia, akitofautisha wale ambao nguvu ya nafsi yao huelekea ndani na wale ambao huelekea nje, naye mwenyewe alionya kwamba mtu wa upande mmoja mtupu hayupo. Mawazo hayo yalichukuliwa Marekani na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia chuoni. Binti, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuandika riwaya ya upelelezi, ndiye aliyeanza kutunga hojaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akikusudia kuwasaidia watu kupata kazi zinazowafaa. Hojaji hiyo ilichapishwa na shirika la mitihani la Marekani mwaka 1962, ikiwa ya matumizi ya utafiti. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Shaaban Robert aliaga dunia. Kwa hiyo yeyote anayetuambia aina yake anatuambia kile ambacho yeye, aliyeandika habari za maisha yake kwa mkono wake, hakuulizwa kamwe.

Kuhusu Shakespeare hali ni mbaya zaidi. Mtu huyo alifariki mwaka 1616 na hakuacha shajara wala barua hata moja iliyotufikia. Tulicho nacho ni tamthilia, mashairi, wosia, na hati za mashamba, kodi na kesi. Na ukizisoma hati hizo utamkuta mfanyabiashara makini, mwenye hisa katika kundi la maigizo, anayedai haki yake mpaka mahakamani. Anayempa upole wa mwota ndoto ameutoa kwa wahusika wake, na sielewi kwa nini amemchagua Hamlet mwenye mawazo mengi akamwacha Iago, yule mwenye hila wa Othello, ilhali wote wawili walitoka katika kalamu moja.

Nimekaa zaidi na jina la Ngũgĩ, kwa kuwa wanafunzi wangu wanalijua na wengine wamepita Limuru, kwao. Jedwali limemweka miongoni mwa wapenda upweke, na nadhani aliyelitunga alikuwa akifikiria seli ya Kamiti na riwaya iliyoandikwa humo kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Lakini upweke ule haukutoka katika haiba yake. Mwaka 1977 alikuwa katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, hukohuko Limuru, pamoja na mwandishi mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katikati ya wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakiigiza tamthilia yao katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe, wanakijiji wakisahihisha maneno na kuongeza nyimbo. Serikali ilizuia maonyesho, na tarehe 31 Desemba mwaka huo ikamkamata ikamweka kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Katika muda wa mwaka mmoja mtu yuleyule alitunga katikati ya umati na akatunga akiwa peke yake, na aliyeamua mahali pa kukaa hakuwa yeye. Abdilatif Abdalla naye alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Tukimwita mkimya kwa sababu hiyo tutakuwa tumemsifu askari jela kwa kazi ya mshairi.

Na Shaaban Robert? Alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, kuanzia idara ya forodha, mtu wa faili, wa saa za kazi na wa kamati za lugha. Karani huyohuyo ndiye aliyemlilia mkewe katika shairi la "Amina". Kwa jinsi alivyoishi mchana angeweza kuwekwa katika kisanduku kilekile cha ratiba na kanuni kilichomfukuza mwanafunzi wangu.

Najua nitaambiwa kwamba watu hujiona humo na kusema, "Huyu ni mimi kabisa." Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa hojaji wanafunzi wake 39, na baadaye akamgawia kila mmoja maelezo ya haiba yake, akawaomba wapime usahihi wake kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulipita 4. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. (Utabiri wa nyota, Mhariri, mnauchapa kurasa chache tu baada ya ule wa vijana.) Mimi mwenyewe nilijibu yale maswali 12 mara mbili: mara ya kwanza usiku nikiwa na karatasi za mtihani mezani, mara ya pili Jumapili baada ya kutembea Karura na wanangu. Nilipata herufi mbili tofauti kati ya nne. Sikushangaa, kwa maana watu wengi hukaribia katikati ya mizani hizi, na jibu moja tu likibadilika mtu huhamishwa upande.

Lingekuwa jambo la mchezo tu, nisingeandika. Lakini siku hizi wanafunzi wa mtaala wa umilisi huchagua wakiwa gredi ya 9 mkondo watakaoufuata katika sekondari ya juu, iwe sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na tayari mzazi mmoja ameniletea simu yake yenye herufi nne za mwanawe, akitaka nimthibitishie kwamba mkondo wa sanaa haumfai. Kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani iliyoipitia hojaji ya kina Briggs na kutoa ripoti mwaka 1991 haikuona ushahidi wa kutosha wa kuitumia kuwashauri watu kuhusu kazi. Na hiyo ilikuwa hojaji yenyewe kamili, si maswali 12 ya gazetini.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, toleo lijalo la ukurasa huo liwaeleze vijana waziwazi kwamba herufi za waandishi hao ni makisio ya waliotunga jedwali. Pili, nafasi hiyohiyo itumike kueleza namna mwandishi mmoja alivyofanya kazi: aliandika saa ngapi, juu ya karatasi gani, alikuwa na ajira gani ya kumlisha, alifuta mara ngapi. Mkianza na karani wa forodha nitashukuru, na ukurasa huo nitaubandika ukutani mwenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Umoja, Nairobi