Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi: Meneja Akishakabidhi, Aondoke

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAKABIDHIANO YA UONGOZI WA BUSTANI YA MICHEZO YA WATOTO, DODOMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi mafundi na waendesha mitambo tunaiomba bodi isimbakize ofisini meneja mkuu anayestaafu, eti awe mshauri mpaka mwenzake azoee. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Disney, kampuni ya Marekani ya filamu na bustani za michezo, walishaonja hili. Februari 2020 walimpa Bob Chapek, aliyekuwa mkuu wa bustani zao, kiti cha mtendaji mkuu alichokuwa nacho Bob Iger. Iger hakutoka. Alibaki mwenyekiti mtendaji, akishika kazi za ubunifu, hadi mwisho wa 2021. Juni 2022 bodi ikamwongezea Chapek mkataba wa miaka 3. Novemba hiyohiyo ikamwondoa, Iger akarudi.

Kwetu siku 30 zinatosha. Wiki 2 za kwanza anayeondoka asaini, mgeni aangalie, kisha wabadilishane. Baada ya hapo, akihitajika aitwe kwa barua.

Makaratasi yaanze mapema. Ikiwa meneja ni mkurugenzi wa kampuni pia, BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, waarifiwe ndani ya siku 14. Azimio la bodi la kubadili watia saini wa akaunti lifike benki kabla ya siku ya makabidhiano. Saini ya zamani ikifungwa na mpya haijakubaliwa, beringi hainunuliki, na bembea itasimama au, vibaya zaidi, itaendelea kuzunguka na beringi iliyokwisha.

Lakini kubwa kuliko yote ni daftari la ukaguzi. Nati ya kiti ikishakazwa kwa kipimo, huchorwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Asubuhi, kabla ya kuzungusha mtambo mtupu, fundi anatazama mistari hiyo: uliopishana unamwambia nati imezunguka, hata kama kwa mkono inaonekana imekaza. Daftari linaonyesha kwamba alitazama. Halionyeshi ni nati ipi hulegea kila mara, wala mota ipi hupata moto saa 8 mchana. Hayo yamo kichwani mwa meneja. Tunaomba ayaandike akiwa amesimama mbele ya kila mtambo, pamoja na mrithi na fundi mkuu, na wote 3 wasaini.

Mrithi apewe kwa maandishi mamlaka ya kufunga mtambo upepo ukizidi kiwango cha mtengenezaji, bila kumpigia mtu simu. Upepo wa Julai na Agosti hapa Dodoma hausubiri kikao, na Sabasaba, foleni ikiwa imefika getini, ndipo kila mtu anataka mtambo uendelee.

Na kaimu atajwe sasa, kabla mrithi hajapatikana, maana kiti kikibaki wazi ghafla huzaa mvutano. Mwaka 1994 rais wa Disney, Frank Wells, alifariki kwa ajali ya helikopta. Jeffrey Katzenberg, aliyekitaka kiti hicho akanyimwa, aliondoka mwaka huohuo.

Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha bodi.

Wenu katika kazi,
Mafundi na Waendesha Mitambo
Dodoma