Barua kwa mwanangu, kutoka Galičnik

Mwanangu mpendwa,

Mkutano uliisha juzi. Jana mwenyeji wetu alitutoa Skopje akatupandisha milimani, hadi kijiji kinaitwa Galičnik, magharibi mwa Masedonia Kaskazini. Nakuandikia ningali nakiona.

Kimeng'ang'ania mteremko wa mlima Bistra, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya bonde la mto Radika kuna milima inayopakana na Albania. Nyumba ni za mawe, ndefu, zimepandiana hata paa la huyu liko miguuni pa yule. Ziko nyingi, lakini sensa ya 2002 ilikuta wakazi 3. Watatu, baba! Kiti cha nyuma cha daladala ya Marangu kinabeba zaidi.

Si vita wala njaa moja iliyowamaliza. Wenyeji, Wamijaki, walifuga kondoo, na jibini yao inasifika mpaka leo. Ila mlima ule haulimiki, basi wanaume wakaenda mbali kutafuta: kujenga, kuchonga mbao za makanisani. Safari hizo wanaziita pečalba. Walirudi kwa sikukuu ya Mtakatifu Petro, tarehe 12 Julai, ndiyo maana harusi zilirundikwa siku hiyo; bwana harusi asipooa wakati huo, atamwoa nani akiwa ugenini? Baadaye wengine wakahama na wake zao.

Hata sasa kila Julai jozi moja hufunga ndoa kwa mila ile, na kijiji hufurika watu. Hupigwa ngoma na zurla, ala inayofanana na zumari la pwani. Bwana harusi hunyolewa hadharani. Lakini kilichonishika ni hiki: familia huenda makaburini kuwaalika marehemu wa ukoo waje harusini. Nilimwuliza mwenyeji mara mbili kama nimemwelewa.

Jana hapakuwa na ngoma. Vitasa vimefungwa, mapazia yamenyooka, nyumba nyingine zimepakwa rangi mpya na wajukuu wanaokuja kiangazi tu. Theluji ikianguka, barabara ya Mavrovo huweza kufungwa kabisa. Nikakumbuka kihamba chetu, shamba la ukoo kule nyumbani, na lile kufuli alilonunua baba yako.

Ulisema Krismasi hii huenda usije. Sikukujibu. Ufunguo uko kwa shangazi yako, na mbuzi nimeshamlipia nusu. Ukikata tiketi ya basi niambie mapema, nimalizie iliyobaki.

Mama yako