Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Naomba Faili Langu Lifunguliwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijajibiwa.

Jumatatu nilikwenda kliniki na kadi yangu, imechakaa hadi nimeiunga kwa gundi. Karani akaipokea dirishani, akaigeuza, akanirudishia. "Mama, miaka mitano imeshapita. Faili limefungwa. Wewe umepona." Nilitaka kumjibu, kikohozi kikanibana. Kina miezi miwili sasa.

Mheshimiwa, niliugua saratani ya titi aina ya adenoidi sistiki. Ni adimu mno; haifiki mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti. Wengi huijua kwenye tezi za mate. Kwa kawaida haina vipokezi vya homoni wala protini ya HER2, alama ambazo dawa nyingi za saratani ya titi huzilenga, na majibu kama hayo humtisha kila mtu, daktari na mgonjwa. Lakini yetu hukua taratibu, ni nadra kufika kwenye tezi za kwapa, na zaidi ya 9 kati yetu 10 huwa hai miaka 10 baadaye. Namshukuru Mungu. Ila inavyokuja taratibu ndivyo inavyorudi taratibu: hata baada ya miaka 10, na inaweza kuliruka kwapa ikatua mapafuni. Nani ataiona, ikiwa hakuna anayenipima?

Nadhani hiyo miaka mitano iliwekwa kwa kufikiria saratani za haraka, zile ambazo zikirudi hurudi mapema. Au ni foleni tu, na sisi wachache ndio rahisi kupunguzwa.

Mwaka jana ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba hakuna mgonjwa wa saratani atakayeachwa njiani. Nilikaa safu ya pili. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

Sidai mashine mpya. Naomba nipigwe picha ya kifua. Naomba daftari la saratani liandike aina ya ugonjwa kwa jina lake, si "titi" peke yake, na tufuatiliwe maisha yetu yote. Na kama hayo ni mengi, basi moja tu: faili langu lifunguliwe. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale dirishani na kadi yangu.

Mgonjwa wako, mwaka wa nane tangu upasuaji