Picha ya Diallo nayo mngeitaja

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu picha za kuchorwa za Uingereza ya karne ya 18 ilisema Mwafrika humo huwekwa pembeni, kashika sinia au mwamvuli wa bibi. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila mmeiacha picha ya Ayuba Suleiman Diallo, aliyoichora William Hoare mwaka 1733.

Humo hamna bwana wala bibi. Diallo yuko peke yake, kakukazia macho, kavaa joho jeupe na kilemba, na shingoni kaning'iniza Msahafu wenye jalada jekundu. Alikuwa hafidhi kutoka Bundu, Senegal ya leo. Huko Uingereza aliuandika Msahafu mzima mara tatu kwa kumbukumbu tu. Thomas Bluett, aliyefuatana naye hadi London, anasimulia kwamba kwanza Diallo alikataa kuchorwa. Alipokubali, akataka achorwe na mavazi ya kwao. Mchoraji akasema hawezi kuchora vazi asilowahi kuliona. Diallo akamgeukia: mbona basi baadhi yenu mnamchora Mungu, ambaye hajaonwa na yeyote? Vazi likachorwa.

Lakini msije mkamfanya malaika. Alitekwa upande wa mto Gambia, katika safari ambayo baba yake alimtuma kwenda kuuza watu wawili, na alikuwa ameshawauza. Watekaji wakamnyoa kichwa na ndevu aonekane mateka wa vita, wakamuuza kwa nahodha Mwingereza, akaishia Maryland, Amerika, kwenye mashamba ya tumbaku. Barua ya Kiarabu aliyomwandikia baba yake ndiyo iliyomfungulia njia ya kutoka, na mwaka 1734 akarudi kwao. Wale watu wawili aliowauza, Bluett hakuwataja hata majina.

Hoare baadaye alijulikana mjini Bath kwa kuchora wakubwa kwa chaki za rangi, na mwaka 1768 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Royal Academy, chuo cha sanaa cha London. Picha yenyewe ilinunuliwa na Qatar mwaka 2009, kisha ikaazimishwa National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri huko London. Nyingine ya Diallo iko Yorktown, Virginia.

Mkiichapisha, maelezo ya chini yasiishie kwenye "mtumwa aliyeachiwa huru". Semeni alikuwa msomi, na wale watu wawili aliowauza muwataje hapo hapo.

Msomaji wenu,
Mombasa