Mafundi wa kompyuta, msituzimie kinga

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa kompyuta wa hapa Tanga, hasa huku kwetu Ngamiani. Kompyuta ya binti yangu ilikuwa nzito, na fundi mmoja akataka kuiwekea Windows ya kuchakachua. Cha kwanza alitaka kuzima Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, ati inasumbua programu. Nikamzuia. Programu inayotaka kinga izimwe kwanza mara nyingi ndiyo inayoingiza virusi vya kuiba nywila, na binti huombea mkopo wa chuo kwenye mashine hiyo hiyo.

Uzito ulitokana na diski ya zamani ya kuzunguka. Tumeweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, tumezuia programu zinazojiwasha zenyewe, sasa inawaka upesi. Asiye na pesa ya leseni, Linux Mint badala ya Windows na LibreOffice badala ya Microsoft Office zipo, bure na halali kabisa.

Na flashi za steshenari jamani! Ukiona mafolda yamegeuka shotikati (vialama vyenye kimshale), usibofye. Mara nyingi virusi vimeyaficha tu, mafaili yako yamo humo humo. Wenye steshenari, zikagueni flashi za wateja kabla hamjachapa.

Mama wa mwanachuo,
Ngamiani, Tanga.